Kitenzi cha Pili: Mwongozo kwa Wanaojifunza Kiswahili Kiriri

Wanafunzi wa kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi, pamoja na wakazi wa mtaa huo wa mlimani jijini Bujumbura wanaotumia Kirundi nyumbani na Kifaransa ofisini, hurudia kuuliza swali moja: kwa nini mtu aliyekwisha kujua msamiati wa kutosha, ambaye husikiliza taarifa ya habari bila shida na kusoma gazeti bila kamusi, bado husikika mgeni mara tu anapotunga sentensi yenye matendo mawili au matatu? Jibu kwa sehemu kubwa limo katika kitenzi cha pili. Kitenzi cha kwanza mwanafunzi hukipatia, kwa kuwa ndicho alichokariri katika majedwali ya nyakati: anasoma, alisoma, atasoma, amesoma. Kosa huja pale tendo la pili linapotakiwa kuungana na la kwanza, kwa sababu Kiswahili hakiungi matendo kwa viunganishi kama Kifaransa kinavyofanya, bali hubadili umbo la kitenzi kinachofuata, na umbo hilo ndilo linaloeleza uhusiano wa matendo hayo.

Ushauri ulioandikwa hapa umeacha kando nadharia za wanaisimu. Umekusudiwa mtu anayetaka kuandika barua, ripoti au hadithi ambayo msomaji wa Buyenzi jijini Bujumbura, wa Kigoma au wa Mombasa ataisoma bila kukwama.

Kwa nini Kirundi peke yake hakitoshi

Warundi wengi huanza na imani kwamba undugu wa Kirundi na Kiswahili utawabeba. Imani hiyo ni ya kweli nusu. Anayesema *ndashaka kugenda* hana la kujifunza katika *nataka kwenda*, kwa kuwa muundo ni ule ule. Vilevile Kirundi kina -ka- ya kufululiza matendo, kama Kiswahili, na Mrundi akisikia *akaenda* huelewa papo hapo.

Undugu huo huvunjika katika jambo moja ambalo ni vigumu kuliona kwa macho. Kirundi ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, na toni hiyo hutenganisha kitenzi kinachosimama chenyewe na kitenzi kinachoegemea kingine. Maumbo hayo mawili yanaweza kuandikwa sawasawa, na sikio pekee ndilo linalopambanua; A. E. Meeussen alieleza mifumo ya namna hii kwa kirefu katika sarufi yake ya Kirundi iliyochapishwa mwaka 1959. Kiswahili kilikwisha kupoteza toni za aina hiyo, nacho hutumia alama inayoonekana: *alikuja akikimbia*. Mrundi anapoandika *alikuja anakimbia*, anafuata mazoea ya lugha yake, na kusema kweli sentensi hiyo husikika pia katika mazungumzo ya Watanzania wengi. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, -ki- ndiyo inayotarajiwa.

Kifaransa cha shuleni nacho kina madhara yake, nayo ni makubwa kuliko ya Kirundi. Makosa mawili hutoka huko moja kwa moja:

- kuweka *kwamba* kila mahali ambapo Kifaransa kingeweka kiunganishi chake, kama katika *nataka kwamba uje*, ilhali Kiswahili husema tu *nataka uje*;
- kuandika *katika kuimba* kwa maana ya kufanya jambo huku mtu akiimba, ilhali Kiswahili husema *akiimba*.

Kirundi nacho huchangia kosa la kwanza, kwa kuwa husema *ndashaka ko ugenda*. Mtu mwenye lugha mbili zinazomvuta upande mmoja hawezi kutegemea hisia yake. Inambidi ajizoeze kwa makusudi.

Maswali matatu ya kujiuliza

Kabla ya kuandika kitenzi cha pili, mwandishi ajiulize maswali haya kwa mpangilio huu:

1. Mtendaji ni yule yule, au amebadilika?
2. Tendo la pili lilitokea kweli, au linatakwa, linaombwa, linaogopwa?
3. Kama lilitokea, lilifuata la kwanza, lilikwenda nalo sambamba, au lilikuwa limekwisha kukamilika na kuacha hali fulani?

Mpangilio una umuhimu wake, kwa kuwa anayeanza na swali la tatu hujikuta akitafuta wakati wa kitenzi ambacho hakihitaji wakati wowote.

Mtendaji mmoja, watendaji wawili

Mtendaji akiwa mmoja na tendo la pili likiwa ndilo linalokusudiwa, kitenzi cha pili huchukua ku-: *anataka kusoma, anaweza kuogelea, ameanza kupika, anajua kuandika*. Mtendaji akibadilika, ku- haifai tena, na kitenzi huchukua umbo la dhamiri tegemezi, yaani umbo linalotaja jambo ambalo bado ni takwa au agizo, ambalo katika vitenzi vya asili ya Kibantu huishia kwa -e: *anataka mtoto asome, aliomba tumsaidie, wamekubali mkutano uahirishwe*.

Kosa la kawaida ni kubakiza ku- baada ya mtendaji kubadilika. *Anataka mtoto kusoma* hueleweka, lakini ni Kiswahili cha mtu anayetafsiri kichwani. Hali huwa mbaya zaidi katika ukanushi, ambapo wengi hawajui pa kuweka alama ya kukana. Sentensi *hataki mtoto aende* na *anataka mtoto asiende* zote ni sahihi, na zinatofautiana kidogo: ya kwanza hukana nia ya mzazi, ya pili hutaja nia yake kwamba mtoto abaki.

Vitenzi vya kusema vinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa maana hugeuka kufuatana na umbo linalofuata:

- *Alisema anakuja*: alitoa habari za safari yake.
- *Alisema aje*: alitoa agizo kwamba mwingine aje.
- *Alisema kwamba angekuja*: alitaja ahadi au jambo lenye sharti, na mara nyingi msikilizaji hutarajia kusikia kilichozuia.

Katika ofisi, tofauti kati ya sentensi ya kwanza na ya pili imekwisha kuleta kutoelewana kwingi. Anayeandika ujumbe wa simu uliopokewa kwa niaba ya mkuu wake asiache jambo hili kwa bahati. Aandike *amesema uende* pale agizo lilipotolewa, wala asiandike *amesema unaenda*.

Mfululizo: -ka- na tatizo la na

Matendo yanayofuatana katika wakati uliopita hufungwa kwa -ka-. Kitenzi cha kwanza hutaja wakati, na vinavyofuata huupokea: *alifika, akaketi, akaagiza chai*. Mwanafunzi aliyelelewa na Kifaransa huandika *alifika na aliketi na aliagiza chai*, sentensi ambayo kila kipande chake ni sahihi ila yote kwa pamoja inachosha, kwa sababu msomaji hulazimika kuanza upya kila baada ya *na*, asijue kama matendo hayo yalifuatana au yanaorodheshwa tu.

Wasomaji wanaofuatilia tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti ya Kiswahili, ambao baadhi yao wameanza kujifunza lugha hiyo, watapendezwa kujua kwamba Kikorea hufanya kinyume: vitenzi vya mwanzo hupewa viishio vya kuungia, kama vile -go, na kwa kawaida wakati hutajwa mara moja tu katika kitenzi cha mwisho. Msikilizaji wa Kikorea husubiri hadi mwisho wa sentensi ili ajue kama mambo yalitokea jana au yatatokea kesho. Kwa Kiswahili hujulishwa mwanzoni, kisha huachwa aende na mtiririko.

Maonyo kuhusu -ka-:

- Isitumiwe kufungua habari katika maandishi ya kawaida. Inahitaji kitenzi cha kuegemea kabla yake. Vichwa vya habari na masimulizi ya mdomo yana uhuru wake, na mwanafunzi asiige uhuru huo mapema.
- Wakati ujao haupendi -ka- katika maandishi sanifu. Badala ya kufululiza kwa -ka-, huandikwa *atafika na kuketi* au *atafika kisha ataketi*.
- Ukanushi wake hauna *ha-* wala *-ku-*. Huchukua umbo la *-si-* lenye mwisho wa -e: *alibisha hodi asijibiwe*, *walifika wasimkute mtu*. Umbo hili halifundishwi vya kutosha, na ndilo linaloonyesha haraka kuliko yote kwamba mwandishi amesoma Kiswahili chenyewe, hakusoma vitabu vya sarufi peke yake.

Je, *na* pamoja na ku-, kama katika *alifika na kuketi*, ni kosa? Hapana. Lugha ya ripoti na ya magazeti huipenda, na kwa matendo mawili ya mtendaji mmoja inafaa kabisa. Matendo yakizidi matatu, mnyororo wa *na kuketi na kuagiza na kunywa* hulegea, na mwandishi arudi kwenye -ka-.

Sambamba, au hali iliyokwisha kuwapo

Hapa ndipo penye kosa linaloshuhudiwa zaidi ya yote, na panastahili nafasi kubwa kuliko sehemu nyingine.

Mwanafunzi hufundishwa kwamba -ki- huonyesha tendo linalokwenda sambamba na jingine, na kwamba -me- huonyesha tendo lililokamilika. Mafundisho hayo ni sahihi. Tatizo ni kwamba vitenzi vingi vya Kiswahili vinavyohusu mwili na mavazi hutaja hatua ya kuingia katika hali, wala si hali yenyewe. *Kulala* katika matumizi haya ni kuingia usingizini au kujinyoosha. Aliyekwisha kuingia *amelala*. *Kusimama* ni kuinuka au kukoma kwenda. Aliyekwisha kuinuka *amesimama*. Ndiyo maana mtu aliyekutwa usingizini alikutwa *amelala*, na anayeandika *walimkuta akilala* humfanya msomaji amwone mtu anayejinyoosha kitandani wageni wanapoingia.

Jozi zifuatazo zinafaa kukaririwa zikiwa sentensi kamili:

- *Alikuja amevaa koti* (koti lilikuwa mwilini) / *alikuja akivaa koti* (alikuwa bado anaingiza mkono njiani).
- *Nilimwona amepanda pikipiki* (yuko juu yake) / *nilimwona akipanda pikipiki* (anaiparamia).
- *Alipita amebeba mtoto* (mtoto yuko mgongoni au mikononi) / *tulimkuta akibeba mizigo* (anainyanyua na kuipeleka).
- *Alisikiliza ameinama* (kichwa kiko chini) / *alisikiliza akiinama* (anainama na kuinuka).

Tofauti hizi huonekana ndogo mpaka pale zinapoingia katika ushahidi. Shahidi anayesema alimwona mtu *akipanda gari* ameona mwanzo wa safari. Anayesema alimwona *amepanda gari* hakuona gari lilikosimama wala nani alimfungulia mlango. Mwandishi wa taarifa ya polisi au ya bima akichanganya maumbo haya mawili, huwa amebadilisha ushahidi.

Vitenzi vya namna hii si vingi mno, na njia nzuri ni kuvikusanya polepole: lala, simama, keti, kaa, vaa, beba, shika, panda, inama, nyamaza, choka, jaa, fumba, lewa. Kwa kila kimoja, mwanafunzi ajiulize kama anazungumzia hatua au hali inayobaki baada ya hatua.

Kuna pia onyo kuhusu -ki- yenyewe. Alama hiyo hiyo hutumika kwa sharti: *mvua ikinyesha, njia za mlimani huteleza*. Mara nyingi -ki- ya sharti hutangulia kitenzi kikuu, na -ki- ya sambamba hukifuata, kwa hiyo mwandishi anayepanga sentensi vizuri hahitaji kuhofu mkanganyiko. Ukanushi nao hutofautiana: sharti hukanwa kwa -sipo-, kama *isiponyesha*, lakini tendo la sambamba hukanwa kwa *bila*, kama *alipita bila kusema neno*. Aandikaye *alipita asiposema neno* ameandika jambo lisilo na maana.

Sentensi moja kwa ukaribu

Sentensi ifuatayo imetungwa kwa ajili ya maelezo haya, lakini ni ya aina inayoweza kusikika mbele ya lango lolote la Kiriri:

*Mlinzi alipofika alimkuta kijana amesimama langoni akizungumza kwa simu, akamwomba aonyeshe kitambulisho, naye akakataa, asiseme kwa nini.*

Ina vitenzi vinane na haina *kwamba* hata moja. *Alipofika* huweka wakati wa jambo zima. *Alimkuta* ndicho kitenzi ambacho vingine vyote hukiegemea. *Amesimama* ni hali ya kijana, *akizungumza* ni tendo lake linaloendelea, na vyote viwili vimo ndani ya kile mlinzi alichokikuta. *Akamwomba* humrudisha mlinzi na kusogeza habari hatua moja mbele. *Aonyeshe* ni takwa, na mtendaji wake ni mwingine, ndiyo sababu kikaishia kwa -e. Kisha *naye* humjulisha msomaji kwamba mtendaji wa *akakataa* amebadilika, maana kiambishi a- pekee kisingetosha kuonyesha hilo. *Asiseme* kinakana tendo la mwisho katika mfululizo.

Neno *naye* lisidharauliwe. Watu wawili wa ngeli moja wanapokuwa katika sentensi moja, Kiswahili hakina njia nyepesi ya kuwatofautisha kwa kiambishi, na ripoti nyingi hupotea hapo. Kama *naye* haitoshi, jina lirudiwe bila aibu.

Kitenzi kuwa na mwenzake

Kwa mambo yaliyokuwa yakiendelea au yaliyokuwa yamekamilika kabla ya mengine, Kiswahili huunganisha *kuwa* na kitenzi kingine, na vyote viwili huchukua kiambishi cha mtendaji:

- *alikuwa akisoma*, *alikuwa anasoma*: tendo lililoendelea wakati uliopita;
- *alikuwa amesoma*: tendo lililotangulia jingine;
- *amekuwa akisoma*: tendo lililoanza zamani na bado lipo;
- *atakuwa amefika*: ama tendo litakalokuwa limekamilika, ama dhana ya msemaji kwamba saa hii amekwisha kufika.

Wengi huuliza kama *alikuwa anasoma* ni kosa, kwa kuwa baadhi ya walimu husahihisha kwa kalamu nyekundu. Si kosa. Maumbo yote mawili hutumiwa na waandishi wazuri, na mwalimu anayekataza moja anafundisha upendeleo wake. Makosa ya kweli ni haya:

- *alikuwa kusoma*, ambamo kitenzi cha pili kimenyimwa kiambishi cha mtendaji;
- *vitabu vilikuwa wakisomwa*, ambamo upatanisho umevunjika; iwe *vilikuwa vikisomwa*;
- *mtu alikuwa anayesoma*, ambamo urejeshi umewekwa katika kitenzi cha pili. Alama ya urejeshi hukaa katika *kuwa*: *mtu aliyekuwa akisoma*.

Katika ukanushi, tabia ya Kiswahili ni kupendelea kukana kitenzi cha pili: *alikuwa hajafika, walikuwa hawajui*. *Hakuwa amefika* inawezekana, lakini *alikuwa hajafika* hubeba pia maana kwamba kufika kulitarajiwa, na kwa sababu hiyo ndiyo inayofaa mara nyingi zaidi.

Vitenzi vilivyopungua uzito

Baadhi ya vitenzi, vikitangulia vingine, huacha maana yake ya kawaida na kubaki kama kiungo. Orodha hii haikamiliki, na haikusudiwi kukamilika:

- *Kwisha* huonyesha kwamba jambo limetimia tayari: *amekwisha kufika*, *ameshafika*. Katika mitaa ya Bujumbura, na ng'ambo ya mpaka upande wa Uvira, husikika *ameisha kula*. Katika maandishi iwe *amekwisha kula* au *ameshakula*.
- *Wahi* huonyesha jambo lililopata kutokea angalau mara moja: *hajawahi kufika Zanzibar*.
- *Kuja* huonyesha hofu ikifuatwa na -ka-: *shika mkono wake asije akaanguka*.
- *Taka*, kwa vitu visivyo na nia, huonyesha jambo lililo karibu kutokea: *ukuta unataka kuanguka*.
- *Shinda* na *kesha* hutaja muda ambao tendo lilijaza, na hufuatwa na -ki-: *alishinda akilima, alikesha akisoma, mvua ilishinda ikinyesha*.
- *Jikuta* hufuatwa na -ki- pale mtu anapofanya bila kukusudia: *alijikuta akicheka*.

Kikorea nacho kina mtindo huu: kitenzi cha kuona kikifuata kitenzi kingine huleta maana ya kujaribu, kwa hiyo *meogeo boda*, kula na kuona vikiwa pamoja, ni kujaribu kula. Msemaji wa Kiswahili hashangai, kwa kuwa kila siku husema *jaribu uone* na *onja uone*.

Jozi moja iwekewe alama ya hatari: *aliacha kusoma* na *alimwacha akisoma*. Ya kwanza ni habari ya mtu aliyekatiza masomo yake, ya pili ni ya mtu aliyeondoka huku mwingine akiendelea kusoma.

Amri mbili kwa pamoja

Amri ya kwanza huwa ya kawaida, ya pili huchukua umbo la -e: *njoo uone, ingia uketi, kaa usubiri*. Baada ya *nenda*, -ka- huongezwa: *nenda ukanunue mkate*, au kwa kifupi *nenda kanunue*. Anayesema *nenda nunua* ataeleweka lakini atasikika mkali. Kwa wengi iwe *njooni muone, nendeni mkanunue*. Mbele ya mkubwa, amri huachwa kabisa na mahali pake huwekwa ombi: *naomba uniletee, tafadhali utusaidie*.

Jinsi ya kukusanya matumizi halisi

Kiriri si mahali ambapo Kiswahili husikika barabarani kutwa. Mwanafunzi anayeishi juu inambidi akitafute, na vyanzo vitatu vinatosha: taarifa ya habari ya Kiswahili, iwe ya RTNB au ya idhaa za nje kama Deutsche Welle na BBC, kitabu kimoja cha hadithi kilichoandikwa na mzawa wa lugha, na mazungumzo ya Buyenzi na Bwiza, mitaa ambayo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi vingi. Hatua ni hizi:

1. Daftari ligawanywe kwa uhusiano wa vitenzi, lisigawanywe kwa nyakati: ukurasa wa takwa, wa mfululizo, wa sambamba, wa hali, wa *kuwa*.
2. Sentensi iandikwe nzima, pamoja na chanzo chake. Kitenzi kilichotolewa katika sentensi hakina thamani kwa kazi hii.
3. Mstari upigwe chini ya kitenzi cha pili, kisha maswali matatu yajibiwe pembeni.
4. Jambo moja libadilishwe, kwa mfano mtendaji au wakati, na sentensi mpya isomwe mbele ya mzawa wa lugha. Swali la kumwuliza lisiwe *ni sahihi?*, kwa maana wengi watajibu ndiyo kwa adabu; liwe *wewe ungesemaje?*
5. Umbo lililopatikana katika chanzo kimoja tu lisubiri mpaka lionekane katika cha pili.

Hatua ya tano inahitajika hasa Bujumbura, kwa kuwa mji huu hupokea Kiswahili kutoka Kigoma na kutoka Kongo kwa wakati mmoja. Anayesikia *tunaendaka kila siku*, lenye kiishio -aka cha mazoea kinachotumika Kongo, amesikia Kiswahili halisi cha watu halisi, na hana haja ya kukicheka. Ila katika barua ya kuomba kazi Dodoma au Nairobi aandike *huwa tunakwenda* au *huenda*. Kwa wenye kompyuta, mkusanyo wa matini za Kiswahili ulioanzishwa na Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki una maneno kwa mamilioni, na humwezesha mtu kutafuta jozi kama *alikuwa haja-* na kuona mifano mingi kwa pamoja.

Pingamizi mbili

Baadhi ya wasomaji husema kwamba watu huwaelewa hata wakikosea, kwa hiyo taabu yote hii ni ya nini. Ni kweli kwamba muuzaji wa sokoni ataelewa. Lakini Burundi imekuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na anayewania kazi mbele ya Watanzania na Wakenya hasomwi kwa upole wa muuzaji. Sentensi yake ndiyo inayomtangulia kuingia chumbani.

Wengine huona kwamba ingekuwa rahisi kukariri kanuni zote kwanza, kisha kusoma. Mpangilio huo umejaribiwa darasani kwa miaka mingi, na matokeo yake ni wanafunzi wanaoweza kutaja majina ya nyakati zote na kushindwa kueleza ajali waliyoishuhudia. Kanuni chache zilizoelezwa hapa zinatosha kuanzia. Msomaji achukue taarifa ya habari ya leo jioni, aandike sentensi kumi zenye vitenzi viwili au zaidi, apige mistari, na kesho yake ateremke nazo Buyenzi.